Mbu wa Nyumba ya Kioo

Mapendo Mlondani aliletwa hospitali ya Havnes siku ya sita ya homa yake. Alikuwa amefungwa blanketi mbili na bado alitetemeka mpaka kitanda kikawa kinagongana na ukuta. Ilikuwa Februari, na theluji nje ilikuwa imepanda hadi usawa wa madirisha.

Daktari Leokadia Mkopi alimfunua kope za macho, akambonyeza chini ya mbavu upande wa kushoto, akaikuta bandama imevimba. Yeye mwenyewe alizaliwa Ifakara, bonde la Kilombero, na kabla hajatimiza miaka kumi alikuwa ameugua ugonjwa huu mara nne. Hakuhitaji mashine kumwambia ni nini. Alimwambia muuguzi aandae sindano, kisha akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Umetoka safari lini, mama?" aliuliza kwa Kiswahili.

Mapendo alifungua macho aliposikia lugha. "Sikusafiri."

"Nakuuliza kama daktari. Sitakugombeza."

"Na miye nakujibu kama mgonjwa. Miaka tisa sijatoka mji huu."

Leokadia hakubishana naye. Wote husema hivyo. Katika miaka miwili iliyopita wagonjwa watatu walisema hivyo hivyo wakafa, kwa sababu walikaa na homa nyumbani mpaka ikapanda kichwani. Hawakuogopa ugonjwa, waliogopa kisanduku cheupe kilichokuwa mezani, kikubwa kama mkate wa boflo, ambacho kila mtu hospitalini alikiita Msomaji.

Muuguzi alimchoma Mapendo kidoleni, akadondosha tone la damu kwenye tundu la kisanduku. Msomaji alifanya kazi yake kwa dakika nne. Alivisoma vimelea kimoja kimoja, akalinganisha mbegu zake za urithi na mbegu za vimelea vilivyokusanywa vijiji vyote vya dunia vyenye malaria, kisha maandishi yakatokea kwenye kioo. Malaria kali. Asili ya vimelea: Fizi, ufuko wa magharibi wa Ziwa Tanganyika. Mgonjwa aliumwa na mbu kati ya siku kumi na siku kumi na tisa zilizopita. Chini kabisa kulikuwa na mstari mwekundu: nakala ya majibu itapelekwa Ofisi ya Wageni baada ya saa sabini na mbili.

Mapendo alikuwa mkimbizi, na Fizi ndiko alikokimbia. Sheria ilisema mkimbizi akirudi alikokimbia, basi hana tena cha kukimbia, na ulinzi wake unakoma. Faili lake lilionyesha kwamba katika siku hizo hizo alikuwa na likizo ya siku kumi na mbili.

"Mashine imesema nini, dada?" Mapendo aliuliza.

"Imesema uliumwa na mbu kwenu."

Mapendo alicheka kidogo, kicheko kilichomchosha. "Basi iulize nilipanda ndege gani."

Sindano ilikuwa imeanza kuingia mshipani. Alifumba macho, akalala. Leokadia alibaki pale akitazama mstari mwekundu. Alikuwa amewasikia watu wengi wakidanganya mbele ya ile mashine. Walikuwa wakilia, au wakiapa, au wakikasirika. Hakumkumbuka hata mmoja aliyetaka mashine iulizwe zaidi.

*

Mganga mkuu wa hospitali, Daktari Solveig Aune, alikuwa mwanamke mrefu aliyependa kusoma majibu akiwa amesimama. Aliyasoma ya Mapendo mara mbili.

"Msomaji amesoma watu elfu nane," alisema. "Hajakosea mahali hata mara moja."

"Sisemi amekosea," alisema Leokadia. "Vimelea ni vya Fizi, nakubali. Ninachouliza ni kama yeye alikwenda Fizi."

"Kuna tofauti?"

"Mtu akienda kwetu siku kumi huumwa na mbu wengi. Akirudi, damu yake inakuwa na vimelea vya zaidi ya ukoo mmoja, koo tatu, nne, hata saba. Angalia hapa. Mapendo ana ukoo mmoja tu. Kama vile aliumwa na mbu mmoja, mara moja."

Solveig aliinama kwenye kioo, akatazama kwa muda. "Inawezekana alikuwa na bahati."

"Inawezekana. Au huyo mbu yuko hapa mjini."

"Leokadia. Nje ni nyuzi kumi na nne chini ya sifuri. Na hata kiangazi, mbu wa huku hawawezi kukuza vimelea vya Afrika. Hilo tumelisoma sote chuoni."

"Tumelisoma. Nani aliwahi kuwauliza mbu wenyewe?"

Solveig hakutabasamu, lakini hakumfukuza. "Ulicho nacho ni dalili, si ushahidi. Ukiniletea ushahidi kabla saa zile hazijaisha, nitaandika pingamizi kwa mkono wangu. Usiponiletea, nakala inakwenda."

Mchana ule Leokadia alikula mkate wake kwenye chumba cha kumbukumbu, mbele ya vitabu vya kanisa la zamani la Havnes ambavyo hakuna aliyevifungua kwa miaka mingi. Kasisi mmoja, zaidi ya karne mbili nyuma, alikuwa ameandika sababu ya kila kifo parokiani kwake. Leokadia alipitisha kidole ukurasa hadi ukurasa. Januari, mtoto, homa ya kutetemeka inayorudi kila siku ya tatu. Februari, mama na binti, nyumba moja, homa ile ile. Kasisi alishangaa kwamba ugonjwa uliwapata waliokaa ndani karibu na moto, ukawaacha waliokata magogo msituni.

Leokadia aliacha kutafuna. Walikaa ndani karibu na moto. Alichukua simu, akauliza faili linasema Mapendo anaishi wapi.

*

Mapendo aliishi kazini. Kampuni ya nyanya ilikuwa imejenga nyumba ya kioo yenye urefu wa mitaa mitatu ukingoni mwa mji, ikipashwa joto kwa maji yanayochemka chini ya ardhi. Vyumba vya wafanyakazi viliegemea ukuta wake wa nyuma, vikagawana nayo joto kupitia matundu ya hewa juu ya vitanda. Ukifungua mlango kutoka kwenye theluji, miwani inafunikwa na mvuke, na pua inajaa harufu ya majani mabichi na udongo uliolowa. Leokadia alisimama pale mlangoni akavua koti, kofia na sweta. Ilikuwa saa tatu asubuhi, na ndani kulikuwa na joto kama la Ifakara mwezi wa Aprili.

Msimamizi wa wafanyakazi alimpokea. Aliitwa Asukulu Etando, mwanaume wa miaka hamsini na kitu, mwenye mabega mapana na sauti ya chini, naye pia alikuwa mkimbizi wa Fizi. Alimfungulia chumba cha Mapendo, akabaki mlangoni na ndoo yake ya nyanya mkononi.

Chumba kilikuwa safi. Kulikuwa na cherehani, kitenge kilichokatwa nusu, na sufuria juu ya jiko dogo. Leokadia alipanda juu ya kiti, akamulika tochi nyuma ya pazia, kisha kwenye kona ya tundu la hewa. Hakushuka upesi. Ukutani walikuwa wametulia mbu watano, wamejaa damu, vichwa chini na vitako juu, ule mkao wa mbu wa malaria ambao mtoto yeyote wa Kilombero aliyewahi kwenda kituo cha utafiti kuuza mbu anaujua.

Alitoa mfukoni mrija wa plastiki wenye wavu mdomoni, akaiweka ncha yake juu ya mbu wa kwanza, akavuta pumzi. Mbu akaingia. Akamhamishia kwenye kikombe chenye kitambaa juu. Kisha wa pili.

"Unavuta nini, Daktari?" Asukulu aliuliza.

"Mbu."

"Mbu wa hapa?"

"Wa hapa hapa. Wamezaliwa kwenye madimbwi ya chini ya meza zenu za nyanya, nadhani. Mnaumwa?"

"Tunaumwa. Tunasema ni mbu wa baridi, hawana neno." Akahamishia ndoo mkono wa pili. "Mapendo atapona?"

"Atapona. Jana jioni ameanza kula. Lakini keshokutwa mashine itasema alikwenda Fizi, na watamrudisha."

Asukulu aliweka ndoo chini polepole. Leokadia aliendelea kuvuta mbu, wa ukutani kisha wa kwenye pazia. Walipofika kumi na mmoja alishuka kwenye kiti, akamkuta Asukulu bado amesimama pale pale, mikono imening'inia.

"Mapendo hakuenda fasi yoyote," alisema. "Likizo yote alishona nguo za harusi ya mtoto wangu. Miye ndiye nilikwenda."

Leokadia alikaa kitandani. Asukulu akaendelea mwenyewe.

"Mama yangu alifariki mwezi wa kumi na moja. Mimi ni mwana wa kwanza. Kwetu mwana wa kwanza asipotia udongo, mama hajazikwa. Nilipita nchi ya jirani, nikavuka ziwa na mtumbwi, nikakaa siku tisa. Nilirudi kabla ya Noeli. Kichwa kiliuma siku mbili tu, nikasema ni safari." Alimtazama. "Ni miye, eh?"

"Inawezekana. Mtu aliyekulia kule anaweza kutembea na vimelea miezi mingi bila kuugua. Mbu akamuuma, akakaa nao wiki mbili kwenye joto hili, kisha akamuuma mwingine."

"Na Mapendo ameacha kuwa na kinga, miaka tisa, ila yangu miye imebaki kidogo."

"Ndiyo."

Asukulu alikunja mkono wa shati. "Basi chukua damu yangu. Tia kwenye mashine. Mtoto wa watu asifukuzwe kwa ajili yangu."

Ilikuwa ndiyo njia rahisi. Tone moja tu, na Msomaji angesema kwamba vimelea vya Mapendo ni watoto wa vimelea vya Asukulu. Mapendo angebaki. Asukulu angepandishwa ndege pamoja na mke wake, na watoto watatu waliozaliwa Havnes, wasioijua Fizi hata kwa picha. Leokadia aliutazama ule mkono ulionyooshwa kwake, mishipa imesimama.

"Kunjua shati," alisema. "Kwanza niwaulize hawa." Akakiinua kikombe cha mbu.

*

Kazi ya kupasua mbu hakuwa ameifanya tangu alipokuwa msichana wa miaka ishirini kituoni Ifakara. Mbu analazwa chini ya hadubini katika tone la maji ya chumvi. Sindano moja inashika kifua, nyingine inavuta kichwa taratibu, na mkono ukiwa mwepesi, tezi za mate zinatoka pamoja na kichwa, nyeupe, ndogo kuliko punje ya ulezi. Mkono ukiwa mzito zinakatika. Mbu wawili wa kwanza aliwaharibu. Wa tatu, wa nne, wa tano na wa sita tezi zilitoka nzima, na hazikuwa na kitu.

Tezi za mbu wa saba alipozibana chini ya kioo, zilimwaga nyuzi nyembamba zilizopinda, mamia kwa mamia, zikijikunja na kujikunjua.

Leokadia aliondoa jicho, akasubiri, akarudisha. Zilikuwepo. Alisahau kwa muda Mapendo na Ofisi ya Wageni. Alikuwa anatazama kitu ambacho vitabu vyote vilisema hakiwezekani: mbu wa kaskazini amebeba malaria ya Ziwa Tanganyika, wakati nje theluji inaanguka. Mbu alikuwa amefanya tu alichoweza kufanya tangu zamani, ila hakupata joto wala mgeni wa kumpa nafasi. Alitamani kujua wako wangapi, wameishi humo tangu lini, na kama kizazi chao kijacho kitakuwa hodari zaidi.

Msomaji alimkataa yule mbu, kwa kuwa kisanduku kiliundwa kupokea damu ya binadamu tu. Ikabidi Leokadia alinganishe mbegu kwa mashine ya zamani ya maabara, kazi ya saa tano. Majibu yalilingana na ya Mapendo, mstari kwa mstari.

Kesho yake asubuhi Asukulu alikuja kwa mlango wa nyuma. Leokadia alimchoma kidole, akapaka damu kwenye kipande cha kioo kama walivyofanya wazee, akatazama kwa macho yake. Ilimchukua nusu saa kukuta kimelea cha kwanza, chenye umbo la ndizi, kile ambacho mbu hukihitaji ili aweze kuambukiza. Alimpa dawa ya mseto ya siku tatu na kidonge kimoja cha kuua zile ndizi, na dozi ya kwanza akamsimamia akiimeza.

"Umeandika jina langu?" Asukulu aliuliza.

"Nimeandika dawa. Jina bado."

*

Solveig alitazama kwenye hadubini kwa muda mrefu sana. Alipoinuka, sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Nitaandika pingamizi," alisema. "Mapendo yuko salama. Na pengine sheria nzima, maana kama mbu yuko hapa, Msomaji anajua kimelea kimetoka wapi, hajui mtu ametoka wapi. Umeliona hilo?"

"Nimeliona."

"Sasa niambie. Mbu huyu hakuzaliwa na malaria. Alimuuma mtu kabla ya Mapendo. Nani?"

"Ninamjua. Ametibiwa. Sitamtaja."

Solveig aliketi. Leokadia alikuwa hajawahi kumwona akiketi katika mazungumzo. "Dawa haitoki hapa bila Msomaji. Umevunja sheria."

"Ndiyo."

"Sikusemi kwa ajili ya sheria peke yake. Wako watu arobaini na watatu wanaolala chini ya matundu yale. Mji mzima unanunua nyanya pale. Ungekuwa mimi, ungekubali daktari mmoja aamue peke yake nini mji ujue na nini usijue?"

 Swali hilo Leokadia alikuwa amejiuliza mwenyewe akipanda ngazi, na alijua halikuwa swali la mtu mbaya.

"Nisingekubali," alisema. "Kwa hiyo kila kitu kuhusu mbu nimekiandika: mahali, idadi, joto, kuta za kupuliziwa dawa. Wafanyakazi wote nitawapima kwa kioo. Ninachoficha ni jina tu. Nikilitoa, hao arobaini na wawili waliobaki watajua kwamba anayesema ukweli hufukuzwa, na hatutawaona tena mpaka siku ya sita, kama Mapendo. Au hatutawaona kabisa."

"Huwezi kuwa na uhakika."

"Sina uhakika. Naweza kuwa nimekosea, na nikikosea atakayeumia si mimi. Hilo limeninyima raha tangu jana."

Alichukua kalamu na ripoti yake ya mbu. Mahali pa jina la mgonjwa wa kwanza aliandika: namjua, ametibiwa, simtaji. Akatia sahihi, akasukuma karatasi upande wa pili wa meza. Solveig aliisoma, akaipiga mhuri wa tarehe, akaiweka kwenye faili la tume itakayosikiliza pingamizi.

*

Mapendo alitoka hospitalini baada ya siku nne na kumalizia nguo za harusi. Nyumba ya kioo ilifungwa wiki mbili, madimbwi yakakaushwa, kuta zikapuliziwa dawa. Wafanyakazi walipimwa kwa kioo, na wawili zaidi wakakutwa na vimelea, wakatibiwa. Mmoja alikuwa mwenyeji wa Havnes, mzaliwa wa Havnes, ambaye maishani mwake hakuwahi kuvuka mpaka. Gazeti la mji, lililokuwa limeandika kuhusu mbu wa wageni, lilikaa siku tatu bila kuandika lolote.

Tume ilisitisha nakala za Msomaji mpaka uchunguzi uishe. Kisha ikamwita Leokadia, ikamuuliza jina mara sita, naye mara sita akakataa. Walimsimamisha kazi miezi mitatu. Mjumbe mmoja alimwambia kwa upole kwamba safari nyingine anaweza kupoteza leseni. Alirudi nyumbani akalala mchana kutwa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Asukulu alimpelekea kikapu cha nyanya na hakukaa.

Aprili, saa nne asubuhi, mlango wake uligongwa. Alikuwa mwanaume mgeni kwake, dereva wa lori kwa mavazi yake, amevaa koti zito ingawa jua lilikuwa limetoka. Midomo ilikuwa imemkauka.

"Wewe ndiye Daktari Mkopi?"

"Nimesimamishwa. Siruhusiwi kutibu."

"Najua. Sikuja kutibiwa hapa. Nimeambiwa unaweza kunisindikiza hospitali."

Leokadia alichukua koti lake. Walitembea pamoja hadi hospitali, polepole, kwa sababu mgeni alikuwa akisimama kila baada ya hatua chache. Solveig mwenyewe ndiye aliyekuwa zamu. Alimtazama Leokadia, akamtazama yule mwanaume, akavuta kiti.

"Umetoka wapi?" alimuuliza, kama alivyowauliza wote.

Mwanaume alimgeukia Leokadia. Leokadia alitikisa kichwa kuashiria ndiyo, ingawa hakujua uchunguzi utaishaje, na hakuwa na chochote cha kumwahidi.

"Kisangani," alisema mwanaume. "Nilikwenda kumwona baba yangu. Nimerudi, wiki moja na nusu imepita."

Kalamu ya Solveig ilisimama juu ya karatasi, kisha ikaendelea.

"Na homa imeanza lini?"

"Leo," alisema. "Leo asubuhi."

Solveig aliinua kichwa: siku ya kwanza, si ya sita. Muuguzi alikuwa tayari mlangoni na dawa mkononi.